Jiwe Lililorushwa na Lugha Inayolisimulia: Uhakiki wa Siku ya Nne ya Galileo

Utangulizi

Walimu wa Kiswahili katika vyuo vyetu tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Matini za sayansi tumewaachia wenyewe, kana kwamba hazikuandikwa kwa lugha. Katika makala haya tunakusudia kuvuka mpaka huo. Matini tunayoihakiki ni Siku ya Nne ya kitabu cha Galileo Galilei kiitwacho Discorsi e dimostrazioni matematiche intorno a due nuove scienze, yaani mazungumzo na uthibitisho wa kihisabati kuhusu sayansi mbili mpya, kilichochapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638.

Tumeichagua matini hii kwa sababu mbili. Kwanza, inahusu jambo ambalo kila mtoto aliyewahi kuangua embe kwa jiwe analijua kwa mkono wake: kitu kikirushwa hupita njia gani hadi kitue? Pili, mwandishi wake alikabiliwa na swali ambalo linatukabili sisi hapa Uganda, nalo ni hili: hoja ya kisayansi iandikwe kwa lugha gani, na kwa ajili ya nani?

Swali hilo si la nadharia tupu. Mwaka 2005 Katiba yetu ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kitumike kama lugha rasmi kwa kufuata maelekezo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, likapendekeza pia kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Wanafunzi tunaowaandaa watakaa chumba kimoja cha walimu na wenzao wa fizikia, na bila shaka wataulizwa: lugha yenu hii inaweza kusema nini zaidi ya salamu na hadithi? Wasipokuwa na jibu, aibu itakuwa yetu sisi tuliowafundisha.

Kitabu na umbo lake

Galileo alizaliwa Pisa mwaka 1564. Mwaka 1633 alihukumiwa Roma na mahakama ya Kanisa kwa sababu ya kitabu chake cha 1632 kuhusu mifumo miwili ya ulimwengu, na kuanzia hapo hadi kufa kwake mwaka 1642 alikuwa mtu wa kifungo cha nyumbani. Kitabu cha 1638 alikikamilisha katika hali hiyo. Ndiyo maana kilichapishwa mbali na kwao.

Kwa umbo, kitabu ni majibizano ya wahusika watatu katika muda wa siku nne. Salviati ni msemaji wa mawazo ya mwandishi. Sagredo ni mtu mwerevu asiye mtaalamu, ambaye kazi yake ni kuuliza, kufurahia na wakati mwingine kutilia shaka. Simplicio ni mfuasi wa Aristotle. Wawili wa kwanza wamepewa majina ya marafiki wa Galileo waliokuwa wamekwisha kufariki. Siku mbili za mwanzo zinahusu uimara wa vitu, ya tatu inahusu mwendo, na ya nne inahusu vitu vilivyorushwa.

Hoja kuu ya Siku ya Nne yaweza kusemwa kwa ufupi. Kitu kilichorushwa kwa mlalo kina miendo miwili kwa wakati mmoja. Mwendo wa mlalo hauongezeki wala haupungui. Mwendo wa wima, ambao ni wa kuanguka, huchapuka, na umbali wa mshuko hukua kwa mraba wa muda: muda ukiwa mara mbili, mshuko huwa mara nne, muda ukiwa mara tatu, mshuko huwa mara tisa. Miendo hiyo miwili haizuiani wala haivurugani. Ikiunganishwa, njia ya kitu hicho huwa nusu ya mchirizo uitwao parabola.

Mahali ambapo matini inang'aa

Kwa maoni yetu, ubora wa Siku ya Nne hauko katika hoja yenyewe peke yake, bali katika kile kinachotokea mara baada ya hoja kutolewa. Sagredo anaisifu, kisha anataja moja baada ya jingine masharti yanayoibeba, na papo hapo anaonyesha kwamba masharti hayo hayatimii kikamilifu. Mhimili wa parabola unaelekea katikati ya dunia, na parabola huzidi kuuacha mhimili wake. Basi kitu kilichorushwa kitafikaje huko? Simplicio anaongeza kwamba mstari wa mlalo ulionyooka hauwezi kuwa umbali ule ule kutoka katikati ya dunia kila mahali, na kwamba hewa nayo hukizuia kitu kisiende.

Msomaji angetarajia Simplicio azimwe. Hazimwi. Salviati anakubali kwamba pingamizi zote hizi zina msingi na haziwezi kuondolewa. Anachofanya ni kueleza kwa nini tunaruhusiwa kuziweka kando: umbali tunaoupima ni mdogo mno ukilinganishwa na ukubwa wa dunia, na hata Archimedes alipozungumzia mizani alichukulia kwamba uzito wa pande mbili unavuta kwa mistari sambamba. Kuhusu hewa, anakiri kwamba haina kanuni moja iliyo thabiti, na kwamba anayetaka sayansi lazima kwanza aitenge, kisha airudie katika matumizi.

Tunaona kwamba hapa ndipo fani na maudhui vinakutana. Majibizano si pambo. Katika tamthilia nyingi tunazofundisha, mhusika mpinzani huwekwa ili ashindwe. Hapa mpinzani amewekwa ili masharti ya hoja yaonekane. Kuna pia sehemu ambapo Sagredo anasema kwamba alikwisha kusikia kutoka kwa wapiga mizinga kuwa kombora huenda mbali zaidi likirushwa kwa nyuzi 45, lakini kuelewa sababu ya jambo hilo ni bora kuliko kulisikia tu. Kauli hiyo tungependa ibandikwe katika kila darasa, likiwemo la sarufi.

Kasoro ya lugha mbili

Hata hivyo, matini ina kasoro ambayo mwalimu wa lugha hawezi kuinyamazia. Wahusika wanazungumza Kiitalia, lugha ya watu. Lakini katika Siku ya Tatu na ya Nne, Salviati anashika mkononi maandishi ya mwandishi na kuyasoma, na maandishi hayo ni ya Kilatini. Nadharia na uthibitisho viko kwa Kilatini. Maswali, mifano, mizaha na ufafanuzi viko kwa Kiitalia. Sisi tuliosoma tafsiri ya Kiingereza ya Crew na de Salvio, ya mwaka 1914, tunaupita mpaka huo bila kuumizwa nao, kwa kuwa pande zote mbili zimegeuzwa kuwa lugha moja.

Tunakiri kwamba Galileo alikuwa na sababu. Kilatini ndicho kilichosomwa na wataalamu wa Ulaya nzima, naye alitaka wamsome. Wala hakuwa wa kwanza kuandika kuhusu mizinga kwa Kiitalia. Niccolò Tartaglia alikwisha kufanya hivyo mwaka 1537. Lakini tazama ujumbe unaobaki kwa msomaji: lugha ya nyumbani ni ya kuzungumzia jambo, lugha ya wasomi ni ya kulithibitisha.

Ndugu wasomaji, je, sisi si hivyo hivyo? Tunaandika tasnifu kwa Kiswahili kizuri mpaka tufike kwenye jedwali na asilimia, hapo tunarukia Kiingereza. Tunawafundisha wanafunzi kusifu, kusimulia na kusikitika kwa Kiswahili; kuthibitisha tunawaachia wengine. Tunamlaumu Galileo kwa kasoro tunayoiishi.

Istilahi au sentensi?

Wengi wetu tukiulizwa tatizo liko wapi, tunajibu kuwa ni upungufu wa istilahi. Jibu hilo halitoshi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na nchini Tanzania watoto wa shule za msingi za serikali wanafundishwa sayansi kwa Kiswahili. Mchapuko, kasi, kani, mlalo na wima ni maneno yaliyopo. Tatizo, kwa tunavyoona, liko katika sentensi.

Tuliwahi kuwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu zoezi dogo: eleza kwa aya moja safari ya jiwe lililorushwa. Wengi waliandika kwa mfumo huu: jiwe likatoka mkononi, likaenda mbele, likaishiwa nguvu, likaanguka. Sarufi haina kosa. Fizikia ina kosa, na kosa limeletwa na kiambishi -ka-. Kazi ya -ka- ni kupanga matukio katika foleni: hili liishe, lile lifuate. Kwa hiyo jiwe linakwenda kwanza, halafu linaanguka. Hiyo ndiyo picha aliyoichora Tartaglia mwaka 1537: mstari ulionyooka, kipande cha duara, kisha mstari wa kushuka wima. Yeye mwenyewe, katika kitabu chake cha 1546, alikubali kwamba hakuna sehemu ya njia hiyo iliyonyooka kabisa. Wanafunzi wetu bado wako mwaka 1537, nasi ndio tuliowasifu kwa matumizi mazuri ya -ka- katika insha za masimulizi.

Kiswahili kina njia nyingine. Tuseme: huku likienda mbele, jiwe linashuka. Kiambishi -ki- pamoja na neno huku vinaweka miendo miwili katika wakati mmoja, na hiyo ndiyo hoja nzima ya Siku ya Nne. Tukitaka kusema kanuni badala ya tukio, tunayo hu-: jiwe lililorushwa hushuka tangu linapotoka mkononi. Mtu atauliza, linashukaje na huku linaonekana likipanda? Hapo tunayo -nge-: kama kusingekuwa na mvutano wa dunia, jiwe lingekwenda kwa mstari ulionyooka; mshuko unapimwa kutoka mstari huo ambao haupo. Tukikadiria mchapuko wa mvutano kuwa mita 10 kwa sekunde kila sekunde, baada ya sekunde 1 jiwe liko mita 5 chini ya mahali ambapo lingekuwa, baada ya sekunde 2 liko mita 20 chini, na baada ya sekunde 4 liko mita 80 chini. Darasani -nge- tunaifundisha kwa mifano ya majuto: ningesoma, ningefaulu. Kumbe ni chombo cha kupimia.

Tukibadilisha sharti moja

Uhakiki unaosifu masharti ya mwandishi hauna budi kuyajaribu. Galileo aliweka sharti kwamba mwendo wa mlalo haubadiliki. Tufanyeje iwapo mwendo huo nao unachapuka, na unachapuka kwa kiasi kile kile daima?

Tuchukue jiwe lililorushwa kutoka ardhini likiwa na kasi ya mita 20 kwa sekunde kwenda juu na mita 15 kwa sekunde kwenda mbele. Bila mchapuko wa mlalo, litapanda kwa sekunde 2, litafika urefu wa mita 20, litashuka kwa sekunde 2 nyingine na kutua mita 60 mbele. Sasa tuweke kani ya kulisukuma mbele, inayolipa mchapuko wa mlalo wa mita 2 kwa sekunde kila sekunde. Muda wa angani unabaki sekunde 4 zile zile. Kilele kinabaki mita 20. Kinachobadilika ni umbali: zile mita 60 zinaongezewa 16, na jiwe linatua mita 76 mbele. Kani hiyo ikielekea nyuma, zinapunguzwa 16, nalo linatua mita 44.

Wanafunzi waliotumia upepo kama mfano waliandika kwamba upepo wa mbele "unalichelewesha" jiwe. Tulizoea kulipitisha neno hilo. Lakini jiwe halichelewi. Linatua baada ya sekunde zile zile 4. Limefupishiwa umbali tu. Kitenzi kimoja cha mazoea kimechanganya muda na masafa, na hakuna istilahi ya kamusini itakayotuokoa tusipokuwa makini na vitenzi vyetu vya kila siku. Tuongeze, kwa haki, kwamba upepo wenyewe hautoi mchapuko usiobadilika, kwani msukumo wake hutegemea kasi ya jiwe ndani ya hewa. Ni mfano wa kukaribia tu, na mwanafunzi aambiwe hivyo, kama Salviati alivyokiri kuhusu hewa.

Kuna jambo jingine. Katika hesabu ya mita 76, kilele kinafikiwa mita 34 mbele, na nusu ya pili ya safari inachukua mita 42. Kilele hakiko katikati tena. Njia bado ni parabola, ila imeinama. Tena, kama kani ya kurudisha nyuma ingekuwa ya kutoa mchapuko wa mita 7.5, jiwe lingepanda kwa mstari ulionyooka kabisa na kurudi kwa mstari ule ule hadi mkononi. Sababu yake ni kwamba hapo mchapuko wa wima na ule wa mlalo, vikiunganishwa, vinaelekea kinyume kabisa cha upande ambao jiwe lilirushwa. Anayefikiri kuwa mchirizo ni tabia ya jiwe atashangaa. Mchirizo ni matokeo ya masharti.

Nani anasimulia?

Mfano ulio thabiti zaidi unapatikana ndani ya basi. Basi linaondoka kituoni kwa mchapuko wa mita 2 kwa sekunde kila sekunde. Abiria anaachia sarafu kutoka urefu wa mita 1.25. Sarafu inachukua nusu sekunde kufika sakafuni. Kwa macho ya abiria, sarafu imechapuka chini na pia imechapuka kwenda nyuma. Imepita mstari ulionyooka ulioinama na kutua sentimita 25 nyuma ya mkono wake. Kwa macho ya mama anayeuza ndizi kando ya barabara, hakuna kitu kilichoisukuma sarafu nyuma. Imeendelea mbele kwa kasi iliyokuwa nayo wakati wa kuachiwa, ikapita parabola, na ni sakafu ya basi iliyoitangulia.

Mwalimu wa fasihi anaitambua hali hii mara moja. Ni suala la msimulizi. Tukio ni moja, masimulizi ni mawili, na yote mawili yana hesabu inayokubali. Katika kitabu chake cha 1632 Galileo alitoa mfano wa chumba ndani ya meli inayokwenda bila kutikisika: matone yanadondoka ndani ya chombo kilicho chini yake sawasawa na meli iliyosimama, hata msafiri asijue kama inakwenda. Meli hiyo haina mchapuko. Basi letu linao, na hiyo ndiyo sababu abiria anajua kwamba linaondoka hata akifumba macho. Swali tunalowauliza wanafunzi kila siku kuhusu riwaya, yaani nani anaona na amesimama wapi, ndilo swali la kwanza la fizikia ya mwendo. Hatukulijua hilo kwa sababu hatukusoma upande wa pili.

Hitimisho

Tathmini yetu ya Siku ya Nne ni kwamba ni matini bora yenye jeraha. Ubora wake ni uaminifu wa kutaja masharti na kumpa mpinzani hoja za kweli. Jeraha lake ni kuinyima lugha ya watu nafasi ya kuthibitisha. Tunapendekeza mambo matatu kwa wenzetu. Mosi, kila muhula wanafunzi wa Kiswahili waandike walau matini moja ya maelezo ya kisayansi, na isahihishwe pamoja na mwalimu wa fizikia. Pili, viambishi -ka-, -ki-, hu- na -nge- vifundishwe pia kama vyombo vya hoja, si vya masimulizi tu. Tatu, sisi wenyewe tuache kurukia lugha nyingine tunapofika kwenye jedwali.

Tunajua wapo watakaosema kwamba tumeingilia shamba la watu. Tunawakaribisha watusahihishe katika toleo lijalo, kwa hesabu na kwa Kiswahili.